Mvua imewakuta mlimani: jinsi ya kuamua kugeuka kabla mambo hayajaharibika

Kila msimu wa mvua stori ni ile ile. Watu wanatoka Nairobi alfajiri mbingu ikiwa safi, kufika saa sita wako juu kwenye ukingo wa mlima wanapigwa na mvua ya mawe, na badala ya kugeuka wanaambiana "bado kidogo tu", alafu wanashuka gizani kwenye matope, mmoja wao anatetemeka mpaka hawezi kujibu akiulizwa jina. Na sio kwamba hawakuambiwa. Waliambiwa "hali ikiwa mbaya rudini". Sasa shida ya huo ushauri ni kwamba hakuna aliyewaambia mbaya ni ipi, na mtu akishalowa na akishaona kilele kwa macho, kila hali anaiona ni ya kuvumilika.

Kwa hivyo mwongozo huu umejengwa juu ya kitu kimoja: kugeuka kunaamuliwa chini, ukiwa mkavu na umeshiba. Ukiwa juu kazi yako ni kutii ulichoamua, basi.

Natumia Elephant Hill kama mfano, ule mlima wa kusini mwa safu ya Aberdare wenye mita 3,590, kwa sababu ndo wengi wanaenda kwa siku moja wakidhani ni kilima cha kupigia picha. Unaanzia kituo cha misitu cha Njabini, unapita msitu, unaingia mianzi, unatokea sehemu wazi yenye upepo, alafu unafuata ukingo mpaka juu. Kama unaenda kwingine badilisha saa na majina, mengine yote yabaki.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Ukikosa vitatu kati ya hivi usipande siku yenye dalili ya mvua, bora ubaki Njabini unywe chai.

- Koti la mvua lenye kofia, la kuzuia upepo pia. Poncho ya bei rahisi inasaidia msituni lakini ukifika wazi upepo unaipeperusha yote unabaki nayo shingoni.
- Seti moja ya nguo kavu (fulana, sweta ya flisi, soksi, kofia ya sufu, glavu) ndani ya mfuko usioingiza maji. Hii seti ina sheria yake, soma Hatua ya 2.
- Suruali nyepesi inayokauka haraka. Jinzi hapana. Pamba ikilowa inakaa na maji na inakunyonya joto mpaka ufike nyumbani.
- Buti zenye meno au gambuti. Msicheke gambuti, marenja wenyewe wanazivaa na wana sababu.
- Tochi ya kichwa yenye betri mpya, kila mtu yake. Tochi ya simu sio tochi, hio ni betri ya simu unayoichoma.
- Firimbi.
- Simu yenye ramani uliyoipakua kabla, pamoja na powabenki, vyote karibu na mwili kwa sababu baridi inamaliza betri.
- Blanketi la dharura, lile jembamba la kung'aa. Moja kwa kila watu wawili.
- Kitu cha moto kwenye themosi na chakula cha sukari na mafuta: njugu, tende, chapati, chokoleti. Maji weka kwenye chupa ya kurudia, zile za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu iliyohifadhiwa tangu Juni 2020.
- Saa ya mkononi. Ndio, ya mkononi. Mvua ikinyesha hakuna mtu anatoa simu kuangalia saa, na saa ndo silaha yako kubwa leo.

## Hatua ya 1: Soma hali ya hewa ya kilele, sio ya mji

Jioni kabla ya safari angalia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na programu yoyote unayoiamini. Lakini ukiandika "Njabini" unapewa hali ya mjini, na mji uko chini ya kilele kwa karibu mita elfu moja. Toa nyuzi 6 hivi kwa kila mita elfu unazopanda. Kama Nairobi ni nyuzi 20 basi kule juu tarajia 8 au 9, na hapo bado hatujaweka upepo wala nguo zilizolowa.

Alafu angalia saa ya mvua, usiangalie tu kama itanyesha. Milima yetu ina tabia: asubuhi safi, saa nne saa tano mawingu yanaanza kupanda, mchana yanamwaga. Ndo maana wanaoenda kilele cha Lenana kule Mount Kenya wanaamka usiku wa manane, sio kwa ajili ya picha za jua peke yake. Kwa hivyo utabiri unaosema "mvua kuanzia saa saba" haukuambii uende na mwavuli, unakuambia saa saba uwe umeshageuka.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuweza kumwambia mtu kwa sentensi moja mvua inategemewa saa ngapi na baridi kiasi gani juu. Kama huwezi, hujasoma, umeangalia tu picha ya wingu kwenye simu.

## Hatua ya 2: Wekeni mistari mkiwa getini

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Kabla ya kuanza kupanda, mkiwa mnafunga viatu, kiongozi aseme mistari, yaani mipaka ya kugeuka, kwa sauti na kila mtu aitikie. Sio kwenye WhatsApp usiku uliopita, pale pale getini, renja akisikia. Mstari wowote mmoja ukivukwa, mnageuka. Hakuna kura.

Mstari wa saa. Piga hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Jua kwetu linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni na giza halichelewi, sisi tuko kwenye ikweta. Toa saa moja na nusu ya dharura, unabaki na saa kumi na moja ya kuwa getini. Kushuka kwenye matope wekeni masaa manne, maana matope yanafanya kushuka kuchukue karibu muda wa kupanda, hii watu wengi hawaamini mpaka wayaone. Kwa hivyo mlioanza saa mbili na nusu asubuhi mnageuka saa saba mchana, popote mtakapokuwa, hata kama kilele kiko pale mnakiona. Basi likichelewa mkaanza saa nne, bado ni saa saba. Mstari hausogei kwa sababu dereva alisimama kununua viazi.

Mstari wa radi. Ukiona umeme anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo. Gawanya kwa tatu, hizo ndo kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukupiga hapo ulipo hata kama juu yako hakunyeshi. Kwenye sehemu wazi mimi nasema hata usihesabu, ukisikia ngurumo tu, shuka.

Mstari wa ukungu. Kiongozi akigeuka nyuma na hamwoni mtu wa mwisho wakati mko pamoja kawaida, au haoni njia hatua hamsini mbele, mmefika.

Mstari wa mikono. Kila mtu aweze kugusa kidole gumba kwa kidole cha mwisho, na aweze kufunga zipu ya koti lake mwenyewe. Mtu mmoja akishindwa, kundi lote limeshindwa.

Mstari wa nguo kavu. Siku mtu yeyote anapovaa ile seti yake ya akiba, kupanda kumeisha. Huo ndo mkopo wa mwisho, hauna mwingine nyuma yake, na ukiuvaa ili uendelee kupanda utalowa tena juu ukiwa mbali zaidi na gari.

Umeona mvua peke yake haipo kwenye orodha? Nimeiacha makusudi. Manyunyu msituni bila upepo, mko sawa, mna makoti, endeleeni. Wengine wanageuka kwa tone la kwanza, alafu siku nyingine kwa aibu wanaendelea kwenye dhoruba ya kweli, kwa hivyo tenganisheni usumbufu na hatari.

Mkifaulu hapa, mtu yeyote kwenye kundi, hata yule mgeni aliyeletwa na binamu yake, anaweza kutaja mistari yote mitano bila kusoma.

## Hatua ya 3: Simameni mahali pa kuangalia mbingu

Ndani ya mianzi huoni kitu. Juu ni majani, pembeni ni mianzi, unasikia tu matone na huwezi kujua kama ni mvua au ni umande unaodondoka upepo ukipiga. Watu wanatoka mianzini wakiwa na raha kwamba wameona mwanga, wanapitiliza moja kwa moja mpaka ile sehemu wanayoiita Point of Despair, bila kuangalia juu hata mara moja.

Mwisho wa mianzi msimame dakika tano. Kuleni kitu, alafu mzunguke mwili mzima kuangalia mbingu pande zote, hasa ile iliyo nyuma ya mlima kadri mnavyoweza. Mnatafuta hivi:

Mawingu yanayokua kwenda juu kama koliflawa, chini yakiwa bapa na meusi. Yakiwa hivyo saa nne asubuhi, mchana hamtafika.

Upepo kubadilika ghafla ukawa wa baridi, yaani dakika moja unatoka jasho na dakika inayofuata unatafuta kofia. Hio hewa imesukumwa chini na dhoruba ambayo bado hamjaiona, na mara nyingi mna dakika chache tu.

Pazia la kijivu kwenye kilima cha jirani. Kama kilima mlichokuwa mnakiona kimepotea, kinachofuata ni chenu.

Rudieni kusimama huku kila nusu saa mkiwa wazi. Ule ukingo unadanganya sana, kila kichwa unachokiona unadhani ndo mwisho, unafika unakuta kingine, na hapo ndipo "bado kidogo" inazaliwa. Wekeni alamu.

## Hatua ya 4: Semeni "tunageuka" kwa namna isiyofungua mjadala

Kosa kubwa la viongozi ni kuuliza. "Jamani mnaonaje, tuendelee ama turudi?" Ukiuliza hivyo waliolipa pesa watasema tuendelee, waliochoka watanyamaza kwa aibu, na yule anayetetemeka hata hajasikia swali.

Usiulize. Sema mstari na uamuzi pamoja: "Jamani, ni saa saba, tumefika mstari wetu. Tunageuka, Kamau uko mbele, mimi nafunga nyuma." Unatoa sababu waliyoikubali wenyewe asubuhi, alafu unatoa kazi papo hapo, mtu akiwa na kazi hana nafasi ya kubishana.

Atatokea mmoja tu wa kusema "boss, mimi niko fiti, niacheni niguse tu juu nitawakuta chini". Jibu ni hapana, na sababu sio ubabe. Huko kuna ndovu na nyati, renja mwenye bunduki ni mmoja au wawili, na kwenye ukungu na mvua hamsikii mnyama wala yeye hawasikii nyinyi mpaka mko uso kwa uso mianzini. Kundi lililogawanyika nusu yake inatembea bila bunduki. Mwambie hivyo hivyo, "ukienda peke yako renja anakuja na wewe, na hawa wengine wanashuka bila mtu", mara nyingi inatosha.

Na kwa wewe usiye kiongozi: una haki ya kuuita mstari. Kama unaona aibu kusema "nimeshindwa", sema "naomba tuangalie mikono". Kiongozi anayejua kazi atasimama. Akikucheka, mtafute renja umwambie yeye, na kikundi hicho usikilipe tena.

Kingine kinachosukuma watu ni ile imani kwamba kukiharibika ndege itakuja. Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 ilipotea jioni ya tarehe 5, na mabaki yake yakapatikana asubuhi ya tarehe 7, kwenye mlima huu huu. Ukungu na mvua vilikwamisha waokoaji, na hapo nchi nzima ilikuwa inatafuta. Hali ya hewa inayokufanya uhitaji helikopta ndo hio hio inayoizuia kuruka.

## Hatua ya 5: Shukeni kwa mpangilio

Kabla ya hatua ya kwanza kushuka, dakika mbili: makoti yafungwe mpaka shingoni, kila mtu ale kitu cha sukari, hesabuni watu. Alafu mwendo wa aliye dhaifu ndo mwendo wa wote, na huyo mweke wa pili kutoka mbele, usimweke nyuma kwa sababu huko ndo anaachwa bila mtu kujua.

Matope yanataka hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Kanyaga pembeni penye nyasi pale njia imekuwa mtelezo. Na ndani ya mianzi usishike shina lolote kabla ya kuliangalia, yale yaliyokatwa yana ncha ya kuchana kiganja, nimeona mtu akizuia kuanguka kwa kiganja na kitambaa chote cha huduma ya kwanza kikaishia kwenye huo mkono.

Radi ikiwakuta bado wazi: ondokeni kwenye ukingo upande ulio rahisi, msikae chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, achaneni hatua ishirini hivi kati ya mtu na mtu ili ikipiga isiwapate wote. Msitu mnene wenye miti ya kimo kimoja ni afadhali kuliko uwazi. Nywele zikianza kusimama au mkisikia mlio wa zzzz kwenye fimbo, hapo hakuna kupanga, shukeni haraka. Msitoke mlipojificha mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena mnaanza kuhesabu upya.

Njia ikipotea kwenye ukungu, simameni. Usifuate maji ati mto lazima ufike kwa watu, kwenye Aberdare mto unaweza kukupeleka kwenye poromoko au mianzi isiyopitika. Pigeni firimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudieni. Fungueni ramani mliyopakua, rudini mpaka alama ya mwisho mnayoijua kwa uhakika.

Kama mahali penu pana korongo au mto wa kuvuka, sheria ni kali zaidi: mvua ikinyesha popote juu yenu, tokeni korongoni hata kama mlipo pamekauka. Hell's Gate watu walibebwa na maji mwaka 2012 na tena 2019. Maji yakiwa ya kahawia, yanabeba vijiti na yamepita goti, usivuke, kaa upande wako mpaka yapungue.

Mambo yakienda vizuri, kushuka huku kunachosha tu. Watu wanaongea, wanalalamika njaa, mmoja anaimba vibaya. Kundi likinyamaza lote anza kuangalia mikono tena.

## Hatua ya 6: Mtu akiwa amepatwa na baridi

Kutetemeka ni mwili unajitetea, hio bado ni nafuu. Anza kuogopa mtu anapoanza kuropoka, kujikwaa pasipo na kitu, kukataa msaada kwa hasira, au kusema "niko sawa" huku koti liko wazi. Na akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na hajavaa chochote kipya, usifurahi. Amezidiwa.

Mtoe kwenye upepo kwanza. Vua nguo zilizolowa, mvalishe kavu, kofia isisahaulike, weka begi au matawi chini asikae kwenye ardhi, mfunike na blanketi la kung'aa na mtu mwingine akae naye mwili kwa mwili ndani yake. Akiwa macho na anameza vizuri mpe chai yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, na aliyeacha kutetemeka msimtembeze kwa nguvu, asogezwe polepole, mpige simu: 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199, na namba ya kituo cha misitu ambayo mlipaswa kuichukua getini asubuhi. Mahali pasipo mtandao tumeni wawili wenye nguvu pamoja na renja mmoja kama wako wawili, wakiwa na sehemu mlipo imeandikwa kwenye karatasi, wasitegemee kukumbuka.

Ataanza kupata nafuu pale anapoanza kutetemeka tena na kujibu maswali kwa sentensi nzima. Hata hivyo anashuka na kwenda hospitali, sio kwenye nyama choma.

## Hatua ya 7: Getini

Hesabuni watu kabla mtu yeyote hajaingia kwenye gari, mkilinganisha na orodha ya asubuhi, majina sio idadi tu. Mtoe jina kwenye kitabu cha kituo ili renja asije akatafuta watu walioko kwao Rongai wanaoga. Badilisheni nguo kabla ya basi kuwasha injini, watu wengi baridi inawashika wakiwa wamekaa kwenye kiti, jasho limepoa na dirisha liko wazi.

Alafu muulize renja mvua ya juu ilianza saa ngapi wiki hiyo nzima, yeye anajua kuliko programu yoyote, na kwa jibu lake upangeni upya mstari wa saa wa safari inayofuata.